Nilichoona ni Pama

Miaka kumi na tisa nilimtukana yule mzungu kwamba hajui kuigiza. Nilimtukana kwa maiki, mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na watu wakanipigia makofi. "Huyu siyo steringi," nilikuwa nawaambia, "hili ni gogo la mkwaju limepandishwa juu ya farasi. Bila mimi hamna picha hapa." Na wala sikuwa natania. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye ninayeibeba ile picha.

Kazi yangu ni kutafsiri picha. Naitwa Luka, lakini hapa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ukimuulizia Luka utazungushwa mpaka jioni, uliza DJ. Nakaa pembeni ya skrini kwenye banda la Yasini, maiki mkononi, steringi akifungua mdomo nasema mimi. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, kwa hiyo nusu ya maneno natunga. Wanaapolo wanaotoka kwenye maduara ya dhahabu na vumbi mpaka kwenye kope hawaji bandani kujifunza Kiingereza. Wanakuja kucheka na kuona adui anapigwa.

Picha ninayoisema ni ya kikauboi, ya zamani, mama yangu hajaolewa. Jina lake halisi silijui, kava lilipotea siku nyingi. Sisi tuliiita Mwenye Pama, maana steringi wake havui kofia yake ya pama hata akilala. Ni mfugaji. Anaibiwa ng'ombe, anamwona mwizi kwa mbali jua likizama. Kesho yake watu wa mji wanawakamata wanaume watatu, wanawapanga mstari, wanamuuliza: yupi? Anamwonyesha mmoja, na huyo mmoja ananyongwa kwenye mti. Baada ya hapo kuna saa nzima ya steringi kuzunguka na farasi, kunywa, kutosema na mtu, mpaka anauhama mji. Hiyo saa ndiyo ilikuwa inanitesa. Watu wanapiga miayo, wengine wanatoka kukojoa hawarudi, na mimi inabidi niwatungie kwamba steringi anawasaka wenzake yule mwizi awamalize.

Lakini pale kwenye mstari ndipo nilipopatia jina. Watu wakishamuuliza yupi, mimi nilikuwa naivuta pumzi, halafu nasema polepole: "Ni huyu. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, na kama yanadanganya, yang'olewe." Banda zima lilikuwa linasema pamoja na mimi. Watoto walikuwa wanaisema njiani wakichunga. Wazee walikuwa wanaisema kwenye pombe wakibishana nani kamaliza kibuyu.

Jumanne iliyopita Wiliam alinipigia simu. Wiliam ni wa kijijini kwetu, upande wa Kishapu; jina la kijiji nitalinyamazia. Hakunisalimia.

"Wamemshika Makoye," alisema. "Ng'ombe wanne wa jirani wamepotea. Jumamosi sungusungu wa kijiji wanakaa kumhukumu."

"Kuna aliyemwona?"

"Hakuna. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ushahidi wao ni baba yake tu, Luka. Na ushahidi wa baba yake ni wewe."

Baba yake Makoye alikuwa Ndaki, kaka yake Wiliam wa tumbo moja. Ndaki aliuawa mwaka elfu mbili na kumi na moja kwa wizi wa ng'ombe, na aliyesema ni mwizi ni mimi. Makoye alikuwa na miaka saba. Wiliam akamrithi mjane, Melania, kama ilivyo kwetu, akamlea mtoto, wakaongeza wengine wawili. Sasa Wiliam alikuwa ananitaka nipande gari, nifike kule, nisimame mbele ya watu wale wale niseme jambo ambalo hata usingizini nilikuwa sijajisemea.

"Mimi nina kazi zangu," nilimwambia. "Mambo ya huko malizaneni wenyewe." Nikakata simu. Niliona nimejibu kiume.

Alhamisi Yasini akaleta skrini mpya, kubwa, ya ukutani, na flashi imejaa picha za zamani zilizosafishwa. Yasini ni mtu wa Tabora, mfanyabiashara, anapenda mambo yake yawe safi. "DJ, leo tunawapa Mwenye Pama yako," akasema, "utamwona hadi nywele za pua." Nikacheka. Ile kopi yetu ya zamani ilikuwa giza tupu na mistari ya kijani. Uso wa steringi chini ya kofia ulikuwa kivuli tu, miaka yote. Nilikuwa namtafsiria mtu ambaye sijawahi kumwona.

Tukaanza saa kumi jioni. Banda limejaa. Nikapiga porojo zangu, gogo la mkwaju, watu wakacheka. Tukafika kwenye mstari. Wanaume watatu wamesimama, steringi anaulizwa, nikavuta pumzi, nikaanza, "Ni huyu," nikamtazama usoni.

Midomo ilikuwa imefungwa.

Nilidhani nimewahi kuanza, nikasubiri aongee. Haongei. Yule mtu hajasema neno. Kwanza anawatazama wale watatu, mmoja mmoja, na unaona kabisa kwamba hamjui hata mmoja. Halafu anaacha kuwatazama. Anawatazama watu walio nyuma yake, wenye kamba, anawapitia kwa macho kama mtu anayehesabu. Koo lake linapanda na kushuka mara moja. Halafu kidevu kinashuka kidogo sana kuelekea kwa yule wa katikati, na kofia inamziba macho. Basi. Hiyo ndiyo hukumu. Mtu amenyongwa kwa kidevu, na mimi miaka kumi na tisa nilikuwa namjazia maneno mdomoni.

"DJ, umelala?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Wakazomea. Nikaweka maiki chini. Nikakaa kwenye benchi na wanaapolo nikaangalia picha mpaka mwisho bila tafsiri, na nusu ya watu wakatoka wakidai nimelewa.

Ile saa ya mwisho niliyokuwa naiita ya kupoteza muda, kumbe ndiyo picha yenyewe. Anakula na hatafuni, chakula kinakaa tu shavuni. Akipita karibu na ule mti anamgeuza farasi azunguke mbali, na hajionyeshi kwamba anazunguka. Anajifanya anaangalia uzio. Mama mmoja anampa maji, anayapokea kwa mikono miwili, anayatazama, anayamwaga, anasema asante. Hatafuti genge la mtu yeyote. Yule mtu alikuwa fundi, na mimi nilimwita gogo kwa sababu hapigi kelele. Nilijisikia vibaya, nisiseme uongo. Lakini sikuwa nalia kwa ajili ya mwigizaji.

Mwaka ule wa Ndaki nilikuwa na banda langu mwenyewe kijijini, televisheni ndogo na jenereta. Jioni moja natoka kutafuta mafuta ya jenereta, natembea kando ya mto mkavu. Upande wa pili mtu anaswaga ng'ombe haraka, vumbi limetimka, jua limeshazama. Nilichoona ni pama. Nani kwetu havai pama? Asubuhi mwano ukapigwa, ule ukelele ambao ukiusikia unatoka na fimbo yako, usipotoka utaulizwa ulikuwa unamficha nani. Ng'ombe wa mtu wameibwa. Nami kwa mdomo wangu, kwa sababu nilizoea kusikilizwa, nikasema jana nimemwona mtu. Laiti ningekuwa bubu siku ile.

Siku ya pili yake wakapanga watatu mstari. Wote walikuwa na pama. Mtemi wa sungusungu akaniuliza, yupi? Nyuma yangu kuna wanaume kama mia, kimya, wananisubiri. Nilijua nikisema sijui wataniuliza mimi nilikuwa natafuta nini mtoni, na mstari utakuwa wa watu wanne. Ndaki alikuwa wa katikati. Alikuwa mteja wangu, benchi la mbele, hakuwahi kukosa Mwenye Pama hata siku moja. Nikamnyooshea kidole, nikasema, "Ni huyu. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili." Na wale watu, kwa mazoea, wakamalizia pamoja na mimi: na kama yanadanganya, yang'olewe.

Ndaki alicheka. Alidhani natania.

Halafu watu wakamgeukia Wiliam. Ndugu wa mwizi asipopiga, naye kala nyama. Hakuna aliyemwambia kitu, walimtazama tu. Wiliam akanyanyua fimbo akampiga kaka yake begani, ya kwanza ni yake, na baada ya hiyo sikuhesabu. Nilikuwa hatua tano kutoka pale, saa nne asubuhi, jua linawaka. Hilo niliona vizuri. Mwezi haukuisha nikahamia huku kwenye dhahabu, ambako hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Ijumaa alfajiri nikapanda pikipiki hadi Kahama, kutoka Kahama basi hadi Shinyanga, nikalala kwa jamaa, Jumamosi asubuhi nikashuka Mhunze. Nilimtumia Wiliam ujumbe mmoja tu, nakuja. Nikamkuta stendi na pikipiki yake, amezeeka kuliko mimi wakati namzidi miaka miwili. "Mwangaluka," akanisalimia, nikaitikia, tukaondoka. Katikati ya njia, kwenye mashamba ya pamba, akasimamisha pikipiki, akakaa bila kunigeukia.

"Makoye ananiita baba," alisema. "Hajui fimbo ya kwanza ilikuwa yangu."

"Miaka yote hiyo hajui?"

"Nani wa kumwambia? Wote waliokuwepo walipiga. Mama yake walimfungia nyumbani, hakuona." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikuombi kitu, Luka. Sema lililokuleta. Mtoto apone kwanza."

Akawasha pikipiki, tukaendelea.

Walikuwa wamekaa mbele ya ghala la pamba. Wanaume duara, fimbo miguuni, wanawake mbali kidogo, na Melania kati yao, khanga imefungwa kichwani, hatazami mtu. Makoye amekaa chini katikati, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Mrefu, mabega ya Ndaki, mdomo umevimba. Nikatafuta pa kuweka macho.

"Shikamoo mtemi," nikasema. Alikuwa mtemi yule yule, mzee sasa, ana fimbo ya kutembelea.

"Marahaba, DJ. Umekuja na jenereta?" Watu wakacheka. Hata mimi kidogo nicheke, kwa tabia.

"Nimekuja kusema habari za Ndaki."

Kicheko kikaisha. Nikasema. Sikuvuta pumzi, sikupamba. "Siku ile sikumwona Ndaki. Nilimwona mtu ng'ambo ya mto, mbali, kwenye vumbi. Nilichoona ni pama."

"Pama ya nani?"

"Sijui. Hesabu pama zilizopo hapa, mtemi." Watu wakatazamana vichwani. Mtemi mwenyewe alikuwa amevaa. "Ndaki siyo mwizi. Kama kuna aliyejua kwamba ni mwizi kwa njia nyingine, asimame. Lakini kama ni kwa neno langu tu, neno langu lilikuwa la uongo. Na huyu kijana mmemfunga kwa neno hilo hilo."

Mzee mmoja akatema mate. "Kazi yako ni kutunga maneno. Leo tutajuaje kama hutungi?"

Swali lilinipata pabaya, maana lilikuwa la haki. Melania akasimama upande wa wanawake, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Jioni ile Ndaki alikuwa nyumbani ananipasulia kuni," akasema. "Nililisema siku ile. Mkaniambia mke wa mwizi ni mwizi, mkanifungia. Leo amelisema mwanaume, labda mtasikia." Akakaa.

"Kwa nini ulisema ni yeye?" mtemi akaniuliza. Alikuwa ameshaacha utani.

"Niliwaogopa. Mlikuwa mmesimama nyuma yangu na fimbo. Na nisiwafiche, nilipenda mlivyokuwa mnanisikiliza."

Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani watanirukia. Lakini wale wanaume, wazee wengi wao sasa, walikuwa wanatazama chini, kwenye fimbo zao. Kila mmoja alikuwa anafanya hesabu yake. Mmoja akasema, kama anajisemea, "Kwa hiyo tuliua bure." Nilimwonea huruma, halafu nikajichukia kwa kumwonea huruma, maana aliyempa kazi ile ni mimi.

Mwisho mtemi akasema kijana afunguliwe, ng'ombe watafutwe kwa nyayo kama inavyotakiwa, na habari za baba yake zisitajwe tena kwenye kikao chochote. Kisha akanigeukia. "Wewe tumekutenga. Jua likizama usiwe ndani ya kijiji hiki. Hakuna wa kukupa maji, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukupa salamu. Na ukifa, usiletwe hapa." Nikasema nimesikia. Ilikuwa hukumu nyepesi, na kila mtu pale alijua kwa nini imekuwa nyepesi.

Wakaanza kunyanyuka. Makoye akaja kwangu anasugua vifundo vya mikono, akasimama karibu kabisa. Niliona nywele za ndevu ambazo hazijaanza kuwa ngumu.

"Kabla jua halijazama, nina swali moja," akasema. Hakuongea kwa nguvu, lakini waliokuwa wananyanyuka walisimama hapo hapo walipo. "Ulikuwepo siku ile. Aliyekuwa wa kwanza kumpiga baba, ulimwona?"

Wiliam alikuwa kwenye pikipiki yake, mikono miwili kwenye usukani. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza, hakuniomba. Alisubiri tu. Wanaume wote waliokuwepo mwaka ule walikuwa wanajua jibu, na wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kusema kweli. Niliitaka ile kweli kwa njaa, nilitaka niitoe yote niwe mwepesi. Na kijana alikuwa ananiuliza kwa adabu, ana haki yake, ni baba yake. Nikaona pia yule mtu kwenye pikipiki aliyemlipia shule, aliyekaa naye usiku akiumwa malaria, ambaye jioni watakula naye sahani moja, wadogo zake wawili wakigombania mboga. Kama nilikosea, njoo unihukumu wewe ambaye hujawahi kuulizwa.

"Sikumwona," nikasema. "Watu walikuwa wengi, vumbi lilikuwa jingi."

Makoye alinitazama mpaka nikadhani amejua. Halafu akainamisha kichwa. "Asante, mzee," akasema. "Angalau wewe umesema kweli." Akaenda kwa Wiliam, akapanda nyuma, akamshika kiunoni. Wiliam alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, mguu unateleza. Akawasha mara ya tatu, wakaondoka.

Watu wakatawanyika bila kuniaga, kama walivyoamriwa. Melania ndiye aliyebaki. Alikuja akasimama hatua chache kutoka kwangu, akiwa amegeuza uso upande mwingine ili asionekane anaongea na mtu aliyetengwa.

"Usiku wa kuamkia siku mliyompiga mvua ilinyesha mpaka asubuhi," akasema. "Tulimzika Ndaki kwenye tope. Vumbi lilitoka wapi, Luka?"

Hakuniuliza mara ya pili. Aligeuka akaitazama pikipiki inavyopotea kwenye njia ya nyumbani, mume wake mbele, mtoto wake nyuma amemshika kiunoni.